Rangi haiji na fomula

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko watu 30 na kila mwezi mtu anatoa 20,000. Kwenye Excel nina shiti mbili, moja naiita Michango ndo najazia, nyingine Muhtasari ndo naprinti naenda nayo kikaoni. Muhtasari nimeiunga kwa fomula =Michango!B2 nikavuta mpaka chini, majina na namba zinakuja vizuri tu. Shida ni rangi. Kule Michango ambaye hajalipa nampaka nyekundu, aliyetoa nusu njano, ila huku Muhtasari haziji kabisa, ikabidi niwe napaka kwa mkono mara ya pili. Sasa mwezi uliopita nikapanga majina ya Michango kwa alfabeti, nikaprinti haraka haraka bila kuangalia, kufika kikaoni mama mmoja ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja yuko mwekundu, na mdaiwa wetu sugu mweupeee. Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Hakuna namna rangi zikaja zenyewe?
Mweka hazina, Morogoro

JIBU: Pole sana dada, na huyo mama mpe pole zangu pia. Fomula kazi yake ni kuchota kilichoandikwa ndani ya seli, basi. Unapoandika =Michango!B2 unamtuma Excel akachungulie seli ile ina nini akuletee, anakuletea. Rangi, herufi nene, mistari ya pembeni, hivyo havimo kwenye kilichoandikwa, ni mapambo ya seli yenyewe, na hakuna fomula ya kawaida ya Excel inayovuta mapambo, usipoteze usiku kuitafuta.

Kilichokuumbua kikaoni ni hiki. Ulipopanga kwa alfabeti, kule Michango kila mtu alihama na rangi yake. Huku Muhtasari seli hazikuhama, zimebaki palepale zinachungulia B2, B3, B4 kama kawaida, kwa hiyo jina lililoingia mstari wa 7 ni la mtu mwingine ila wekundu wa mstari wa 7 ni wa yule uliyempaka wewe mwezi wa juzi. Excel hajakosea chochote hapo.

Najua kuna atakayekwambia kopi Michango, njoo Muhtasari, bonyeza Ctrl+Alt+V, chagua Formats. Au tumia ile brashi ya juu, Format Painter, inayokopi mapambo ya seli. Ni kweli rangi zitakuja, lakini ni za siku hiyo tu, ukigusa kitu kesho unarudia tena, na siku utakayosahau kurudia ndo siku ya kikao.

Mi nakuuliza hivi, rangi unampaka mtu kwa sababu gani? Kwa sababu hajalipa, si ndiyo. Sasa hiyo sababu iko kichwani kwako, kwenye shiti haipo, kilichopo ni wekundu tu, na wekundu Excel hawezi kuusoma kama habari. Iandike. Tuseme jina liko B na kiasi kiko C, ongeza safu ya D uiite Hali, kwenye D2 ya Michango weka:

=IF(C2>=20000,"Kamili",IF(C2>0,"Nusu","Hajalipa"))

Vuta mpaka mstari wa 31. Muhtasari nako ongeza D, weka =Michango!D2, vuta. Sasa habari imevuka, maana ni maandishi na maandishi fomula inayabeba.

Kabla ya kuendelea futa rangi zote ulizopaka kwa mkono, shiti zote mbili, chagua No Fill. Usiruke hapa, rangi ya zamani ikibaki chini utaikuta inachungulia siku mtu akishalipa na utaniandikia tena. Halafu kwenye Muhtasari teua kuanzia B2 mpaka D31, nenda Conditional Formatting (ndo kanuni za rangi, iko kwenye Home), New Rule, chagua ile ya mwisho kabisa ya kutumia fomula, andika =$D2="Hajalipa" kisha chagua nyekundu. Rudia kwa "Nusu" na njano. Alama ya dola iwe mbele ya D tu, ukiiweka na mbele ya 2 kila mstari utaangalia D2 peke yake, wa kwanza akiwa hajalipa kikundi kizima kinakuwa chekundu. Na uanze kuteua kutoka juu, mstari wa 2, ili fomula na uteuzi wako vianze pamoja. Fanya hivyo hivyo kule Michango. Kuanzia hapo panga kwa alfabeti, panga kwa kiasi, geuza utakavyo, rangi itamfuata mhusika kwa sababu kila shiti inajipaka yenyewe kwa kusoma safu ya Hali. Hata kama una Excel ya kizamani ya 2007 itakubali. Ile ilikuwa inagoma kanuni ya rangi kuchungulia shiti nyingine, hilo lilikuja na toleo la 2010, ila hapa kanuni inasoma shiti yake yenyewe kwa hiyo haikuhusu.

Sasa mtego wenyewe, na huu najua utakupata maana wengi wetu ndo tunavyoandika hela: ukiandika 20,000/= ndani ya seli, Excel haioni namba, inaona maneno. Na Excel ikilinganisha maneno na namba, maneno ndo makubwa siku zote. Maana yake mtu ukimwandikia 5,000/= atatokea Kamili. Hata ukiandika "amesafiri" kwenye safu ya kiasi, Kamili! Mdaiwa sugu akilijua hili mmekwisha. Kwa hiyo andika 20000 tupu, halafu teua safu nzima ya C, bonyeza Ctrl+1 lifunguke dirisha la Format Cells, Custom, weka #,##0"/=" itaonekana 20,000/= kwa macho huku ndani ni namba safi. Kukagua ni rahisi, namba inakaa kulia ya seli, maneno yanakaa kushoto, kama hujagusa mpangilio.

Kama Muhtasari ni wa kuprinti tu na huhesabu chochote pale, kuna njia ya kivivu ambayo naipenda. Kopi eneo la Michango, njoo Muhtasari, bonyeza mshale ulio chini ya Paste, chagua Linked Picture. Inakuja picha ya lile eneo na rangi zake zote, na ukibadilisha kule na picha inabadilika. Ila ni picha, huwezi kujumlisha wala kuandika juu yake.

SWALI: Fundi mimi natumia Google Sheets, kanuni ya rangi inayoangalia shiti nyingine inakataa. Halafu nina faili la pili nimelivuta kwa IMPORTRANGE, ile fomula ya kuleta data kutoka faili jingine, limekuja jeupe lote.
Karani wa ghala, Mombasa

JIBU: Karani, kwenye kanuni ya rangi Google Sheets haitaki utaje shiti nyingine moja kwa moja, mpitishie INDIRECT, fomula inayogeuza maandishi kuwa anwani ya seli. Kama mistari ya shiti zote mbili inalingana andika =INDIRECT("Michango!$D"&ROW())="Hajalipa", badilisha jina liwe la shiti yako, na kama jina lina nafasi katikati lizungushie alama moja ya kunukuu kila upande, 'Mzigo Mpya'!. Mistari isipolingana achana na hii, fanya kama nilivyomwambia dada wa Morogoro, vuta hali kwanza ndo upake. IMPORTRANGE nayo inaleta yaliyoandikwa tu, rangi inaziacha kwenye faili la mwanzo, kwa hiyo weka kanuni za rangi kwenye faili linalopokea. Unaziweka mara moja tu.

SWALI: Navuta tarehe ya mkopo kwa VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, kutoka shiti nyingine, badala ya 1/1/2025 inaniletea 45658. Ni virusi?
Mwanafunzi wa uhasibu, Dodoma

JIBU: Si virusi, ni tarehe yako hiyo hiyo. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, 1 ni tarehe 1 Januari 1900, ukiendelea kuhesabu anavyohesabu yeye unafika 45658 tarehe 1 Januari 2025. Sura ya tarehe nayo ni pambo la seli kama rangi, VLOOKUP haikuibeba. Kinachochanganya watu ni kwamba ukiandika =Mikopo!E2 kwenye seli mpya Excel mara nyingi anaazima sura ya tarehe palepale, basi mtu anadhani ndo itakuwa hivyo kila mara. Teua safu nzima, Ctrl+1, chagua Date. Na zile seli ambazo kule Mikopo ziko tupu zitakuletea tarehe ya ajabu, 0 Januari 1900, kwa hiyo ifunge fomula yako ndani ya IF, ikikuta 0 iache "".