Jaji alikataa binti yangu afanye mtihani

SWALI: Wakili, habari. Binti yangu alifukuzwa chuo kikuu akiwa mwaka wa nne, akidaiwa kuingia na karatasi kwenye mtihani. Tulienda Mahakama Kuu kuomba aruhusiwe kufanya mtihani wa Desemba kesi ikiendelea. Jaji akakataa, akasema tulichelewa miezi mitano bila maelezo, na gharama tulipe sisi. Nataka kukata rufaa. Jaji mwingine angetuonea huruma. – Mama, Voi

JIBU: Pole sana, Mama. Ila hilo la “jaji mwingine” liondoe kichwani. Amri za muda na za gharama zimeachiwa busara ya jaji, na tangu kesi ya Mbogo dhidi ya Shah, 1968, Mahakama ya Rufaa haiulizi kama yenyewe ingeamua vingine. Inauliza kama jaji alikosea, pengine kwa kuacha jambo alilopaswa kulipima, au kama kosa liko wazi na mtu amedhulumika.

Nimesoma nakala ulizotuma. Kwenye hati ya kiapo, aya ya 11, binti ameeleza kwamba chuo kilikalia rufaa yake ya ndani miezi minne. Barua ya majibu imeambatishwa, muhuri unasomeka. Jaji naye kaandika hakuna maelezo yoyote. Shika hapo hapo. Mengine, pamoja na namna jaji alivyomtazama binti yako, yaache nyumbani.

Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi usomwe, si tangu upate nakala. Rekodi ya rufaa, yaani kabrasha la nyaraka za kesi, ni siku 60 baada ya notisi. Barua ya kuomba mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, iende ndani ya siku 30, na wakili wa chuo apewe nakala yake, la sivyo siku za kungojea uchapaji mtahesabiwa ninyi. Mimi niliwahi kupoteza rufaa hivyo nikiwa wakili mchanga. Nakala ya upande wa pili ilikuwa droo yangu, ndani ya bahasha iliyokwisha kubandikwa stempu.

Gharama peke yake usiipiganie, kawaida hulipa aliyeshindwa.

Na Desemba? Kukata rufaa hakumpi binti kiti cha mtihani, maana jaji alikataa tu. Hakuamuru lolote lifanyike, kwa hiyo hakuna amri ya kusimamishwa rufaa ikingoja. Kesi ya msingi bado i hai. Mwambie wakili wako aombe tarehe ya karibu ya kuisikiliza, wiki hii hii, notisi ikiwa imeshapelekwa.