Troy ya 2004 siyo ya mapanga tu

Mkuu unasema Troy ya 2004 ni muvi ya mapanga tu haina kingine, hapo nakataa kabisa. Rudia ile sehemu mzee Priam mfalme wa Troy, kachezwa na Peter O'Toole, anaingia usiku peke yake kwenye hema la Achilles, shujaa wa Wagiriki wanaoivamia Troy, anambusu mikono iliyomuua mwanawe, anaomba maiti ya Hector akaizike, hiyo imetoka Iliad, lile shairi refu la kale la Homer Mgiriki, kitabu cha mwisho kabisa cha 24 na kaicheza vizuri mno, mimi machozi hunitoka kila nikiiona. Na Eric Bana aliyecheza Hector ndo roho ya muvi nzima, Brad Pitt ana mwili wa Achilles ila Hector ndo unamlilia.

Kinachoniuma ni walivyoitoa miungu karibu yote. Kwa Homer miungu ndo inasukuma vita, mungu wa kike Athena anamdanganya Hector kwa kujifanya ndugu yake mpaka anasimama kupigana, ukitoa hiyo kifo chake kinapungua uzito. Halafu Menelaus, mfalme wa Sparta mume wa Helen, kuuliwa na Hector aisee hapana, kwenye hadithi yenyewe anapona anarudi zake Sparta na Helen, na vita ya miaka 10 wameibana ikawa kama ya wiki kadhaa tu! Farasi wa mbao, yule Wagiriki waliyejificha ndani yake wakaingia Troy, hayumo kwenye Iliad pia ila hilo siwalaumu, Odyssey, shairi lingine la Homer, inamtaja.

Tafuta lile toleo refu la 2007, dakika 196, Wolfgang Petersen mwenyewe alirudisha vipande vilivyokatwa, ukimaliza njoo tubishane tena