Kabla Hujalipia Nembo, Uliza Spea Zake Zinatoka Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sakina, Arusha, alinitumia ujumbe: "Dada, nina milioni 55. Nimeona gari la Ulaya, injini ya cc 3000, viti vya ngozi, kali sana. Kwa hela hiyo hiyo napata Toyota Harrier nzuri na chenji inabaki. Lakini Harrier kila mtu anayo. Desemba nikipanda nyumbani Machame, Kilimanjaro, nataka wajue nimefika. Nishauri."

Nimeusoma mara tatu. Hayo maneno "wajue nimefika" yamenichoma, kwa sababu mwaka 2019 niliyasema mimi, tena kwa sauti.

Mnaonifuatilia mnajua nilikotoka. Nilianza kwa kupima misumari kwa kilo pale Mbuyuni, Moshi, mpaka duka likawa duka na mabati yakaanza kushushwa kwa semi. Miaka yote hiyo nilikuwa na Noah ya kubebea mizigo. Siku moja msibani, mbele ya ukoo, shemeji yangu alisema mwanamke wa misumari atazeeka kwenye Noah. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, lakini lile neno nililala nalo na kuamka nalo. Nilipolipwa hela ya tenda kubwa ya kwanza, sikwenda kununua kiwanja. Nilishuka Dar, nikaingia yadi, nikalipa milioni 58 kwa gari la juu la Ulaya lenye nembo ambayo hata mtoto wa chekechea anaitambua. Nembo yenyewe sitaitaja, haina kosa.

Sitadanganya, miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Sheli nilikuwa nahudumiwa wa kwanza. Walinzi wa benki walinifungulia geti kabla sijapiga honi. Padre alilibariki, mama yangu akalishika boneti kwa viganja viwili na kusali kimya.

Tarehe 24 Desemba nilipanda nalo nyumbani Kibosho. Mnajua Desemba ya kwetu ilivyo: kila mtu amerudi, magari yamepangwa chini ya migomba mpaka njia ya kupita na mbuzi inakosekana. Langu lilikuwa katikati ya uwanja. Asubuhi ya tarehe 26 tulikuwa tunampeleka mama kwenye misa ya shukrani. Nilitoka nje nikakuta gari limelala. Upande wa kushoto mbele, tairi lilikuwa limemezwa na bodi.

Gari lile halikuwa na springi kama tunazozijua. Lilikuwa limekalia mifuko ya mpira inayojazwa upepo na kompresa ndogo. Mpira ukizeeka unachanika, upepo unatoka usiku kucha, asubuhi gari limekaa chini. Sikujua. Nilinunua gari bila kujua linasimama juu ya nini! Mama alipelekwa kanisani na shemeji, yule yule, kwa Corolla yake ya zamani. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Fundi wangu wa Majengo, mtu aliyefungua injini za Toyota tangu kijana, aliliangalia akafuta mikono. "Mama, nisikudanganye. Hili mashine yangu hailisomi." Likapakiwa kwenye lori, kilomita 80 mpaka Arusha, Unga Limited, kwa fundi mwenye mashine ya kulipima. Mifuko miwili ikaagizwa Nairobi. Siku kumi na moja, milioni 2.8. Machi kompresa nayo ikafa, kwa sababu ilikuwa imefanya kazi kupita kiasi ikijaza mifuko inayovuja. Yaliyofuata sitayasimulia yote. Kwa miezi kumi na minne nilitumia milioni 13 gereji, nikaliuza milioni 29.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili. Gari la kifahari lililotumika linashuka bei haraka, lakini spea zake hazishuki. Unalinunua kwa hela ya Harrier, unalitunza kwa hela ya aliyelinunua jipya. Ndiyo maana aliyekuwa nalo analiuza. Na usije kusema Wazungu hawajui kutengeneza magari. Wanajua sana, ila gari lile lilitengenezwa likijua kwamba fundi wake yuko mtaa wa pili.

Sasa turudi kwenye hiyo Harrier unayoidharau. Mwaka 1989 Toyota walianzisha nembo ya Lexus ili wauze magari ya kifahari Marekani. Harrier ikatoka Japani mwaka 1997, na mwaka uliofuata gari hilo hilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Hata Harrier ya toleo la pili, ile tunayoiita tako la nyani, nje ya Japani ilikuwa Lexus RX. Japani kwenyewe Lexus haikuuzwa mpaka mwaka 2005. Kwa hiyo kuna tajiri wa Marekani aliyelipia nembo ya Lexus, na kuna mwalimu wa Moshi anayeendesha ndugu wa gari hilo na spea anatumiwa kwa basi kutoka Kariakoo, anazipokea kesho yake asubuhi. Nilipolielewa hili nilikaa kwenye kiti cha dukani nikahisi uchungu.

Leo naendesha Harrier ya 2400. Mwaka wa nne huu, nimebadilisha bushi, breki na mafuta. Mama anapanda bila kuinuliwa. Watakaosema waseme.

Vijana, acheni kununua magari kwa ajili ya wiki mbili za Desemba! Wiki zinazobaki unaziishi wewe na fundi wako. Kama unaagiza, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, Mamlaka ya Mapato, maana ukishapigwa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na ule wa bidhaa ambao hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa na gari linavyokuwa na umri, bei ya Japani inakuwa hadithi. Kabla ya kulipa, muulize fundi wako, si dalali: hili unaliweza? Spea zake zinatoka wapi, na kwa siku ngapi? Akisitasita, umeshajibiwa. Muulize fundi. Narudia, muulize fundi.

Na wewe wa Sakina, ukisema Jumamosi unakwenda kuliona hilo gari, usiende mchana. Nenda alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha. Chuchumaa mbele yake, pima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na bodi, kushoto na kulia. Zikitofautiana, aga kwa heshima urudi nyumbani na milioni zako.