Upepo ulimpelekea nani?

Msomaji mmoja ameniandikia barua niliyoisoma mara nne: mara ya kwanza kwa furaha, mara tatu zilizofuata nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Anasema:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpenzi wa ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Nilinunua kiti cha ndege nikakiunda mwenyewe kwa miezi miwili. Wenzangu uwanjani husema 'leo nimeruka mara tatu', nami naona si sawa. Je, tuseme nimeruka, nimerusha au nimeendesha? Nauliza kwa sababu juzi upepo mkali ulipelekea ndege yangu kuanguka, hali iliyopelekea bawa moja kuvunjika, na hilo likapelekea mabishano kuhusu nani hasa alikuwa akiirusha."

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa bawa. Swali lako ni zuri na nitalijibu upesi, kwa sababu kuna neno ndani ya barua hiyo ambalo nina ugomvi nalo wa miaka mingi, nawe umelileta mlangoni kwangu mara tatu katika sentensi moja.

Lakini kwanza hicho kiti. Niliposoma "kiti cha ndege" nilikuona umekaa sebuleni na kiti cha abiria, mkanda wake na meza yake ya kukunja, ukifungua skrubu kwa miezi miwili. Najua ulichokusudia. Neno la kigeni, "kit", limeishia na konsonanti, ulimi wetu haukubali neno liishe hivyo, ukalivalisha irabu, na irabu hiyo ikaligonganisha na kiti cha kukalia. Sema seti. "Nimenunua seti ya kuunda ndege." Hapo naona boksi, mchoro umekunjwa, vipande vya balsa vimekatwa tayari na kupigwa namba. Na kwa kuwa tumeitaja balsa: hilo ni neno la Kihispania, maana yake chelezo. Mbao yenyewe ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina kilo 160 hivi, na ya maji ina kilo 1,000. Ndiyo maana mwaka 1947 Thor Heyerdahl alivuka Pasifiki kutoka Peru hadi Polinesia juu ya chelezo cha magogo hayo, na ndiyo maana mbavu za bawa lako zilikatika kwa mlio mdogo tu. Tuendelee.

Wenzako wanaosema "nimeruka mara tatu" wamekosea, isipokuwa kama walikuwa wakiruka kamba. Aliyeruka ni ndege. Wao walikuwa wamesimama majanini, remoti imening'inia kifuani, shingo zimeinuka. Kuruka ni kitenzi cha anayeondoka chini kwa nguvu zake. Ukitaka kumtaja aliyemfanya mwenzake aruke, Kiswahili kimekupa kauli ya kutendesha: kuruka, kurusha. "Leo nimerusha ndege mara tatu." Swali limekwisha. Kuendesha nako si kosa, maana ni kutendesha kwa kwenda, nasi huendesha gari, baiskeli, hata semina. Ila kuendesha hakusemi kama chombo kiliondoka ardhini. Mtu anayeizungusha ndege yake kwenye nyasi akijaribu magurudumu anaiendesha pia, wala hajairusha.

Utaniambia kurusha ni kutupa vilevile, kama kurusha jiwe. Kweli, na ndege nyingi ndogo zisizo na magurudumu huanza safari kwa kutupwa kwa mkono. Mmoja anaitupa, mwingine ana remoti. Nani kairusha? Mwenye remoti. Mwenzake kaiachia. Nadhani mabishano yenu yalianzia hapo, na kama yalianzia hapo, basi nimeyamaliza.

Kuhusu kutua ni rahisi zaidi. Kitenzi hiki kina sura mbili tangu zamani: jua hutua, na mchukuzi hutua mzigo. Kwa hiyo "ndege imetua" ni sawa na "nimeitua ndege" ni sawa. "Nimetua" peke yake, kutoka kwa mtu ambaye nyayo zake hazikuwahi kuacha nyasi, si sawa. Na tafadhali msiiite "ndege isiyo na rubani". Rubani ni neno tulilolitoa kwa Waarabu, likatumika baharini kwa mjuzi wa kuelekeza chombo kabla halijapanda angani. Ndege yako inaye: ni wewe. Yuko nje ya chombo tu, kama alivyokuwa tangu mapacha Walter na William Good wa Marekani waliporusha yao kwa redio mwaka 1937.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

"Upepo ulipelekea ndege kuanguka." Tulia uitazame sentensi hii kama unavyotazama servo iliyogoma, kile kimota kinachogeuza vibawa vya ndege. Kupeleka ni kutoa kitu hapa na kukifikisha kule. Kupelekea ni kauli yake ya kutendea: kumfikishia mtu kitu. Nilimpelekea shangazi mayai. Shangazi alipelekewa mayai. Nipelekee salamu kwa shangazi, mwambie mayai yalikuwa mazima. Kitenzi hiki hakisimami bila mambo mawili: kinachopelekwa na anayepelekewa. Basi niambie, huo upepo ulipeleka nini, na ulimpelekea nani? Kuna namna moja tu ambayo sentensi yako ingepita kwangu bila wino mwekundu. Kama upepo ungeinyanyua ndege ile, ukaivusha uwanja, ukaiangusha uani kwa shangazi, hapo ningekupa mkono: upepo ulimpelekea shangazi ndege. Na mayai angekuwa nayo tayari.

Najua neno hili lilikotoka. Kiingereza husema jambo moja huongoza hadi jambo jingine, na mtu fulani aliyekuwa akitafsiri taarifa jioni, amechoka, akapapasa kitenzi cha mwendo akakuta kupeleka kiko karibu. Akakibandika, gundi ikakauka kwa sekunde tano kama ile unayotumia kwenye mbavu za bawa, na tangu hapo hakibanduki. Ukame unapelekea njaa. Mvua zinapelekea mafuriko. Juzi nimesikia redioni kwamba "utovu wa nidhamu ulipelekea mchezaji kupelekwa nje", nikazima redio nikaenda kutazama kuku.

Kinachoniuma si ugeni wa neno. Seti ni geni, servo ni geni, balsa ni geni, na nimezipokea zote kwa mikono miwili. Kinachoniuma ni kwamba hapa hatukuwa na pengo. Wewe mwenyewe, ndugu yangu, umeniuliza kuhusu kurusha, yaani umeishika kauli ya kutendesha mkononi, ukaigeuza, ukaipenda, na mstari uliofuata ukaitupa. Kinachoruka kinarushwa. Kinachoanguka kinaangushwa. Kinachoyumba kinayumbishwa. Kinachogeuka kinageuzwa, kinachovunjika kimevunjwa. Sababu yote imo tumboni mwa kitenzi, haihitaji kuajiriwa kibarua. "Upepo uliiangusha ndege, ikavunjika bawa, tukaanza kubishana." Ihesabu. Wewe ulitumia maneno 15 kueleza nilichoeleza kwa maneno saba, na yangu yanasikika hata ukiyapigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja.

Wapo watakaosema tumia kusababisha. Sawa, tumia. Ni neno safi, linatokana na sababu, na linafaa pale sababu ilipo ndefu au haina sura. Lakini usilifanye nalo kuwa nyundo ya kila msumari. "Upepo ulisababisha kuanguka kwa ndege" ni sentensi iliyovaa suti kwenda kuchota maji.

Kisha kuna jambo baya zaidi, na hapa naomba ruhusa ya kuingia kwenye fani yako. Mimi simwamini huyo upepo.

Ndege ikishakuwa hewani, upepo unaovuma sawasawa hauijui wala hauijali. Hewa inasafiri, ndege inasafiri ndani yake kama samaki ndani ya mkondo wa mto. Anayeujua upepo ni wewe uliyesimama chini. Ndege ikigeuka na kwenda upande upepo unakoelekea, unaiona inakimbia mno ukilinganisha na miti. Unaogopa. Unapunguza mota, unavuta kijiti ili ipande. Kumbe kasi yake ndani ya hewa, ambayo ndiyo inayobeba bawa, ilikuwa ya kawaida tu, na sasa umeila. Pua inainuka, bawa linaikata hewa kwa pembe kali, na ikifika digrii kama 15 hivi hewa inaachana na mgongo wa bawa. Bawa halibebi tena. Ndege inainamisha upande mmoja, inazunguka, inakwenda chini kama embe.

Nani kaiangusha? Si upepo. Sema sasa kwa Kiswahili changu: "Nimeiangusha." Inauma, sivyo? Mdomo unasita. Lakini "hali ya upepo ilipelekea ndege kuanguka" inateleza kama sabuni, kwa sababu haina mtu ndani yake. Siri ya umaarufu wa kupelekea ni hiyo. Linaficha mkono. Kutendesha kunadai mtenda: ukisema imeangushwa, msikilizaji atauliza na nani. Ukisema mambo yamepelekea, msikilizaji anatikisa kichwa kwa huzuni na hakuna anayeulizwa kitu.

Jaribu kwenye makosa mengine ya uwanjani uone. Servo za mabawa zimeunganishwa kinyume, ukisukuma kushoto ndege inalala kulia, na hukuzijaribu kabla ya kurusha: hitilafu ya kiufundi ilipelekea ajali. Hapana, uliunganisha kinyume ukaiangusha. Batri umeiweka nyuma mno, mkia ukawa mzito, ndege ikapandisha pua isishike tena njia: usawa wa uzito ulipelekea. Hapana, hukuupima. Hata zile enzi za redio za zamani, kabla ya hizi za gigahezi 2.4 zinazojitafutia nafasi, mtu akiwasha remoti yake kwenye masafa yaleyale unayoyatumia, ndege yako ilikuwa ikiacha kukusikiliza papo hapo. Wakati ule hakuna aliyesema masafa yamepelekea. Walisema "Fulani kaniangushia ndege!" na Fulani akatafutwa. Tena tazama hapo: kuangushia. Kutendesha na kutendea ndani ya neno moja, kosa na mkosewa pamoja, na kila kiungo mahali pake. Lugha yenye kitenzi kama hicho inakwendaje kuazima kupelekea?

Nimeshindwa, najua. Wahariri wanalipitisha, wanasheria wanalipenda (wao wana sababu zao), na siku moja kamusi zote zitalifungulia chumba na kulipa ufunguo. Lugha ni ya wanaoisema, nami ni mmoja tu, tena mwenye kelele. Ukiniletea barua nyingine yenye kupelekea moja, nitaivumilia. Tatu, hapana.

Nikwambie pia nilivyojifunza haya ya bawa na pembe, usije ukadhani nimeyasoma tu. Mjukuu wangu anayo ndege kama yako, mabawa mapana, ngozi ya plastiki aliyoipiga pasi mwenyewe mpaka ikakakamaa kama ngoma. Siku moja alinipa remoti nijaribu. Ilipokuwa ikienda mbali nami nilikuwa bingwa. Kisha ikageuka, ikawa inakuja usoni kwangu, na kila aliyeshika remoti anajua kinachofuata: kushoto kwangu kukawa kulia kwake. Nikasukuma kushoto kuukwepa mti. Ikaufuata mti. Nikasukuma zaidi kushoto.

Jioni mama yake alikuta vipande mezani akauliza kulikoni. Kijana akanitazama, akamtazama mama yake, akasema kwa sauti ya mtangazaji: "Changamoto za uelekeo zilipelekea ndege kugonga mti."

Sikuweza kujizuia. Nikamwambia hiyo si lugha, sema babu kaigongesha mti.

"Najua, babu," akasema. "Nilikuwa nakustahi tu."