Secret Manager kwa gcloud: ruhusa ipo lakini VM inagomewa

Mkuu, kama akaunti ya huduma (service account, akaunti inayotumiwa na programu) umeshaipa ruhusa ya kusoma siri kwenye Secret Manager, hifadhi ya siri ya Google Cloud, na programu iliyo kwenye VM (mashine pepe) bado inarudishiwa PERMISSION_DENIED, yaani imekataliwa, angalia kwanza `scopes` za mashine yenyewe, yaani orodha ya huduma za Google ambazo VM inaruhusiwa kuzifikia. VM iliyoundwa kwa `scopes` za kawaida za Compute Engine haifikii Secret Manager hata akaunti yake ikiwa na ruhusa zote. Zima VM, kisha (AKAUNTI ni barua pepe ya akaunti ya huduma):

`gcloud compute instances set-service-account seva1 --zone=africa-south1-a --service-account=AKAUNTI --scopes=cloud-platform`

Iwashe ujaribu tena. Upana wa `cloud-platform` usikutishe, maana anayeamua nani asome nini ni IAM, mfumo wa ruhusa wa Google Cloud.

Na kwenye IAM ndipo watu wanapolegea. Ruhusa usiitoe kwa mradi mzima, la sivyo programu ya kutuma SMS itasoma hadi funguo za malipo. Itoe kwa siri moja tu:

`gcloud secrets add-iam-policy-binding nenosiri-db --member=serviceAccount:AKAUNTI --role=roles/secretmanager.secretAccessor`

`roles/secretmanager.viewer` haitoshi, kwani huonyesha jina la siri na matoleo yake bila yaliyomo. Halafu vuta subira: mabadiliko ya IAM huchukua kama dakika 2, pengine hata zaidi ya 7. Wengi hukosa subira hapo, wakaongeza ruhusa nyingine juu yake, na hawaziondoi tena.

VM ikishasoma siri lakini hifadhidata ikakataa nenosiri, ishuku amri ya `echo`, kama ndiyo uliyotumia kuhifadhi siri. Huongeza mstari mpya mwishoni, nao unahifadhiwa kama sehemu ya nenosiri. Kwa macho huuoni. Tumia `printf`, na nenosiri usiliandike ndani ya amri, litabaki kwenye historia ya bash:

`read -rs S; printf '%s' "$S" | gcloud secrets versions add nenosiri-db --data-file=-; unset S`

Kisha hesabu baiti, zilingane na urefu wa nenosiri:

`gcloud secrets versions access latest --secret=nenosiri-db | wc -c`

Kwenye programu inayohudumia wateja taja namba ya toleo badala ya `latest`, ili toleo bovu lisiingie lenyewe. Ukibadilisha nenosiri, toleo la zamani lifungie kwanza kwa `gcloud secrets versions disable 1 --secret=nenosiri-db`. Kukiwa na programu bado inalitegemea italalamika, nawe utalifungua kwa `enable`. Siku kadhaa zikipita kimya, ndipo utumie `destroy`, ambayo haina kurudi nyuma.