Gitaa barazani: majina ya kodi usizoonyeshwa na mtu

*Fundi, nimetuni D-A-D-G-A-D, nikianzia uzi mnene. Nina kodi tatu (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja): 000200, halafu 5x5000, halafu x02200 (kila tarakimu ni freti, yaani kigawanyo cha shingo ya gitaa, ya uzi wake; 0 ni uzi wazi usiobonyezwa, x ni uzi usiopigwa). Zinanoga, ila mpiga kinanda akiniuliza majina yake nabaki kukodoa macho.* Kijana wa Langoni, Lamu

Mwanangu, achana na umbo la vidole. Taja sauti inayotoka kwenye kila uzi, kisha hesabu kuanzia besi. Ya kwanza ni D na A tu: do na so (sauti ya 1 na ya 5 ya ngazi), mi (ya 3) haimo. Si meja wala maina. Shika uzi wa 4 (ukihesabu kuanzia mwembamba) freti ya 4, yaani 004200, F# (F iliyopandishwa nusu) inaingia na kodi inacheka: D meja. Rudisha kidole freti ya 3, ni F, kodi imenuna: D maina. Ya pili besi yake ni G, na D na A zimekaa juu, B haipo. Ya tatu ni A na E, na D imening'inia mahali pa C#. Basi mwambie wa kinanda: D, G, A. Kisha mkubaliane kabisa nani anapiga mi. Yeye akibonyeza F# nawe unaimba F, harusi ya watu mtaiharibu.

*Nimetuni D-G-D-G-B-D. Kidole nikikilaza freti ya 5 na ya 7 ni kodi gani? Na mbona besi yangu nzito vile?* Mpigaji wa hotelini, Malindi

Nyuzi wazi ni G, ya 5 ni C, ya 7 ni D, ya 12 umerudi G. Uzito unatoka uzi wa 6: ni D, so imelala chini ya do. Keith Richards wa Rolling Stones aliutoa kabisa. Wewe anzia uzi wa 5 tu.

*Babu alipiga udi. Nawezaje kumfuata katika hijazi (ngazi ya sauti za Kiarabu) ya D kwa gitaa?* Binti wa Mkomani, Lamu

Swali tamu hili. Hijazi ni D, Eb (E iliyoshushwa nusu), F#, G, A, Bb, C. Utamu wote uko kwenye ule mruko wa Eb hadi F#. Tuni ya kijana wa Langoni, iliyopata umaarufu kwa Mwingereza Davey Graham miaka ya 1960, inakufaa. Piga 004200, kisha xx1011: hiyo ni Eb meja. Rudi D polepole, utaskia taarabu yenyewe. Ongeza G maina ukipenda, lakini usijaze kodi kila mahali. Mwachie udi nafasi. Mpiga udi akihamia rasti, ngazi nyingine ya Kiarabu, nyamaza au baki na D na A. Mi ya rasti iko katikati ya F na F#, na udi hauna freti, wewe unazo.

*Kutuni hivi hakukati nyuzi?* Msomaji, Shela

Hapana, hapa unazilegeza. Kinachozila ni chumvi ya bahari. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.