Commodore 64: bodi mpya ndani ya kasha la zamani

SWALI: Ndugu mafundi, nina Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, aliyoacha baba, ile ya kasha la kahawia. Nikiiwasha taa nyekundu inawaka, lakini runinga inabaki nyeusi tupu. Nimeshauriwa ninunue bodi ya Ultimate 64, bodi ya kisasa inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Je, itaingia kwenye kasha hili? Pawa saplai yangu itafaa?
Msomaji, Jinja

JIBU: Bodi itaingia. Pawa saplai haitafaa, na huenda ndiyo iliyoua mashine. Ndani ya pawa saplai hiyo mmejazwa gundi ngumu isiyopitisha joto. Kidhibiti cha volti kikichoka, volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Taa kuwaka kunaonyesha tu kwamba umeme unafika, si kwamba ni salama. Weka mita kwenye pini ya 2 na ya 5 za plagi ya duara. Ikizidi volti 5.25, usiichomeke tena popote. Ikiwa ni 5 sawasawa, shuku kwanza chipu ya PLA (inayoamua chipu ipi isomwe na wakati gani), ambayo bei yake ni nafuu mno kuliko ya bodi nzima.

Ukiamua kubadilisha, fungua skrubu 3 zilizo chini, upande wa mbele, kisha inua kifuniko taratibu: nyaya za kibodi na za taa bado zimeshika bodi. Zichomoe kwa kushika plagi, si nyaya. Plagi ya kibodi ina nafasi 20 na nafasi ya pili imezibwa isiingie kinyume, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe. Karatasi ya foili iliyofunika bodi usiirudishe. Inaziba hewa na inaweza kuleta shoti.

Ultimate 64 hutumia volti 12 za DC. Adapta ya kamera za ulinzi yenye ampia 2 inatosha, mradi chanya iwe katikati ya plagi. Usiiunge moja kwa moja kwenye betri ya sola: ikichajiwa hupita volti 14.

Ukitaka kuhamisha chipu ya sauti, SID, soma namba iliyo juu yake. 6581 inataka volti 12, 8580 inataka 9. Panga volti za soketi kabla ya kuichomeka, maana 8580 kwenye 12 huungua.

Mwisho, monita ikikaa nyeusi usikimbilie bisibisi. Katika PAL, mojawapo ya mifumo ya picha za runinga, bodi hutoa picha 50 kwa sekunde, na baadhi ya monita za kompyuta huzikataa. Jaribu kwanza runinga ya sebuleni.